Mstari wa Kwanza

Mvua ya Tukuyu haina adabu ya kupiga hodi.
Tangu alfajiri inatwanga bati la chumba changu
na faili limeganda asilimia sitini na tatu.
Bando la usiku lilikata saa kumi na moja,
nikanunua jingine kwa pesa ya mkaa.
Mama hajui. Atajua.

"Unajifunza nini humo?" ananiuliza kupitia ukuta wa mbao.
Lugha, Mama.
"Ya wapi?"
Nikamtajia jina, na maana yake: chatu.
Kimya. Nikasikia mwiko ukigeuza ndizi.
"Na huyo chatu anaongea na nani?"

Kompyuta niliuziwa na Gwakisa, fundi redio.
Ina ufa pembeni, betri haikai,
na kitufe cha N kiling'oka zamani;
nabonyeza kwa njiti ya kiberiti.

Saa nne, faili likashuka lote.
Nikafungua dirisha jeusi.
Kistari kinapepesa, kinapepesa,
kama mtu anayengoja umalize sentensi
na wewe hujaianza.

Nikaandika amri, nikagonga.
Kosa, mstari wa kwanza.
Wa kwanza! Kwani kuna mwingine?
Nikaupitia herufi kwa herufi,
kama karani wa chai anayesaka kilo mbili
zilizopotelea daftarini.
Mabano. Niliyafungua, sikuyafunga.
Nikacheka peke yangu: haya si ndiyo ninayogombezwa kila siku?
Ukiacha mlango wazi huku kwetu
ukungu unaingia, unakaa kitako,
na hakuna atakayekusikiliza
mpaka uinuke ukafunge.

Nikafunga.

Kitabu kinasema uisalimu dunia.
Dunia siijui, hatujatambulishwa.
Katikati ya alama za kunukuu
nikaweka salamu ya asubuhi ya nyumbani,
N yake kwa njiti,
nikajikunyata kungoja matusi.

Hayakuja.
Nje ya alama zile, chatu ni mkali
kumshinda Mwalimu Mwakalobo na rula yake.
Ndani, unasema utakalo;
hata Kinyakyusa hakukiuliza kimetoka kata gani.
Kwenye weusi, herufi nyeupe, nyembamba:

Mugonile

Nikaisoma kwa sauti, sijui kwa nini.

"Ndaga," Mama akaitika kutoka jikoni.
Kisha, baada ya mwiko kutua:
"Na mkaa, umeshanunua?"