Hatukaangi Kumbikumbi

Mvua ya kwanza ikinyesha Katuba
na taa za barabarani zikizingirwa na mabawa,
watoto wa majirani hukimbia na mabeseni.
Sisi tunakaa barazani, mikono mapajani.
Nyumbani kwetu hatukaangi kumbikumbi.
Fundi wa dawa akija kupulizia mchwa
mama senge Mwewa humlipa nauli, humrudisha.
Kizingiti kimeliwa. Kabati la arusi limeliwa.
"Waacheni," husema, "wanadai chao."

Deni lenyewe ni hili.

Chalwe, nkambo wa nkambo yangu,
aliuzwa na mjomba wake kwa misalaba mitatu ya shaba,
mwaka wa njaa, masuku yakiwa yamekwisha porini.
Alikuwa na miaka kumi na minne, au kumi na mitatu;
hakuna aliyeandika.
Shingo yake wakaitia kwenye kongwa,
na ncha ya pili ya mti
ikawa begani kwa mtu asiyemjua,
ambaye kila alipojikwaa, yeye alikabwa.
Safari ilielekea machweo, kwa wanunuzi wa pwani
ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona.

Ng'ambo ya Kafubu, mto mwingine ukafurika. Wakapiga kambi.
Walinzi walihesabu shingo, jioni na asubuhi;
miti hawakuihesabu.
Chalwe akachagua pa kulala: ubavuni mwa kichuguu,
kikubwa kama nyumba, kama vilivyo vya kwetu.
Akatoboa udongo mwekundu kwa ukucha, mlango mdogo tu,
akaliegemeza kongwa hapo.
Usiku wa kwanza hakusikia kitu.
Wa tatu, mti ukaanza kunong'ona chini ya sikio lake.
Wa tano, mtu wa nyuma akauliza,
Unalalaje, nao wanakutembea usoni?
Nyamaza, akamjibu. Wanafanya kazi.

Usiku wa saba kongwa lilikuwa ganda,
ganda kavu lenye umbo la mti.
Walilivunja kama mtu avunjavyo muhogo uliokauka.
Yule mtu alikimbilia kusini. Jina lake hatukulipata;
namwomba radhi kila ninaposimulia.

Chalwe alitembea mwezi mzima
akila uyoga anaoujua, akiuruka asioujua.
Alipofika, mjomba alikuwa nje akisuka kikapu.
Hakukimbia. Hakulia. Aliingia ndani
akatoka na msalaba mmoja.
Ile miwili tumeila, alisema.
Chalwe akaupokea, akaugeuza huku na huku,
akaenda kugandamizia kifuniko cha chungu.

Miaka ikapita, wakaja watu na karatasi:
utumwa umekwisha.
Kabla wino haujakauka wakaja wengine
kutafuta vibarua wa mgodi,
na kamba.
(Mwanawe alifungwa kamba ile. Hiyo ni habari yake peke yake,
mama senge hapendi nizichanganye.)

Mimi ni mpimaji, kwenye depo moja ya Ruashi.
Shaba naijua kwa kilo, kwa asilimia, kwa uongo wake.
Mwezi uliopita karo ya watoto ilinibana,
nikauficha msalaba ndani ya koti, nikaenda nao kazini.
Gramu mia tisa na arobaini.
Theluthi ya msichana.
Mnunuzi alitaja bei bila kuinua macho kwenye simu.
Haikuwa bei mbaya, nisiseme uongo.
Sindano ya mizani ilikuwa bado inatetemeka,
nami nikawa naingoja itulie,
na haikutulia.

Nilipofika nyumbani mama senge alikuwa jikoni,
sombe inatokota, mfuniko unarukaruka kwa mvuke.
"Wamesema kiasi gani?" akauliza, hakugeuka.
Nikamwambia mizani imeharibika.
Akanyoosha mkono nyuma, kiganja wazi.
Akauweka juu ya sufuria, mahali pake.

Mfuniko ukanyamaza.
Kwenye kizingiti, ukitega sikio,
bado wapo kazini.