Namba Sabini

Dukani kwa Eskola, nyuma ya stesheni ya Kajaani,
nimeiegemea fimbo ya namba mia
kwa kilo zangu zote sitini na tatu,
nayo ikanitazama tu.

"Hiyo ya majitu," akasema Eskola, anamenya chungwa.
"Wewe fundi bomba. Unacheza Alhamisi saa nne usiku
na walimu, na daktari wa meno.
Unamtisha nani?"

Msimu uliopita nilinunua ya kaboni, nyepesi kama bua,
mshahara wa siku tatu.
Pasi ya kwanza ya Tuulikki ikaigonga ubavuni,
ka!
nikabaki na kipande mkononi
kama mtu aliyeng'oa kitasa cha mlango wa wenyewe.

Sasa ananipa sabini. "Minya."
Naminya. Inakubali, inapinda, inarudi,
kama goti linalojua kuamkia.

"Nzito kidogo," nalalama.
"Nzito ina miaka," anasema, mdomo umejaa chungwa.
"Nyepesi ina sifa."

Alhamisi, nje nyuzi ishirini chini ya sifuri,
nikajipinda nayo, barafu ikakwaruzika,
fimbo ikajaa kama pumzi iliyozuiwa,
ikafyatuka.
Ahti golini hata hakuwahi kupepesa.

Si goli. Kisahani kiligonga mwamba.
Lakini mlio ule!
Hadi leo nikiwa chini ya sinki za watu,
nakaza nati,
nausikia.