Sauti ya Ndahani

Kizota, kibanda cha mabati, mia mbili mlangoni.
Turubai limezuia jua; vumbi limepita.

Kwenye televisheni mkopeshaji yumo kisimani,
maji yamemfika kifuani.
Mbele yake mnyororo: auvute, atoke,
na mdeni wake, kisima cha pili, azame.
"Maji yote yale!" akapayuka mtu wa benchi la mbele,
tukacheka, sisi tunaopanga ndoo bombani tangu alfajiri.

Muuaji haonekani. Ana glavu, ana saa,
na ana Ndahani,
mtafsiri wetu, soda moja tumboni tangu asubuhi,
anayemsemea kwa lafudhi ya Kigogo,
polepole, kama anayehesabu mbuzi wa mahari:
"Mimi siui. Nauliza tu."

Vuta! tukapiga kelele. Usivute! Vuta, mjinga wewe!
Wote mahakimu, karanga mkononi.

Hapo umeme ukakatika.

Giza, joto la bati, harufu ya makwapa.
Ndahani hakunyamaza.
"Na wewe wa nyuma," ikasema sauti ileile,
"uliyeingia na hela ya dawa ya mama yako.
Dakika zako ndizo hizi.
Mlango hauna kufuli."

Alikuwa anatania. Kila Jumamosi hutania.
Lakini nilisikia benchi likilia,
kisha jingine,
mikono ikipapasa mifuko gizani,
wa kwangu ukiwamo,
na nikashangaa tulivyo wengi, watu wa nyuma.