Mwandiko Ndani ya Kifuniko

Korola ya Mwalimu Nyaboke iliingia Grogani saa mbili asubuhi,
matope ya mvua ya usiku yameilamba hadi milangoni,
rangi ya maziwa ya jana, namba KAC,
buti limefungwa kwa kamba ya katani.
"Inapiga mluzi," akasema. "Asubuhi tu, kabla haijapata moto.
Nibadilishie mkanda wa taimingi. Mkanda peke yake.
Pensheni yangu si mpira, haivutiki."

Nikaiinamia injini, nikasikiliza.
Mkanda wa taimingi haupigi mluzi. Huo hufa kimya.
Anayelalamika ni beringi, kama mpangaji:
kidogo kidogo, kila asubuhi,
hadi siku anapohama na mlango.

Sila akashika tochi. Nikafungua bolti za kifuniko;
ya chini kushoto ikakataa, nikaibembeleza kwa dizeli,
ikatoka ikilia.
Nikakigeuza kifuniko nikipanguse.
Ndani, kwa kalamu nyeupe:
*Mkanda mpya. Tenshena mpya. Km 148,210. Julai 2008.*
Kila k ina mguu mrefu, kama wa korongo.

Mguu huo naujua.
Mwaka huo nilikuwa nalala juu ya matairi
nyuma ya karakana ya Ngotho,
mshahara wangu chai, mandazi, na shilingi mia Jumamosi.
Mkanda ulikuwa mpya, haki ya Mungu,
niliununua mwenyewe, duka la pili kutoka kona.
Lakini tenshena Ngotho aliitosa kwenye petroli,
akaisugua kwa mswaki, akaipuliza,
akaniwekea kiganjani inang'aa kama sarafu ya kanisani.
"Andika mbili," akasema. "Nani hufungua huku?"

Nikaandika mbili.

Ngotho sasa analima viazi Ol Kalou.
Anayefungua huku ni mimi.

Nikaizungusha ile tenshena kwa kidole:
ikakwaruza kama mchanga kwenye meno.
Pampu ya maji nayo ilikuwa imeanza kutoa jasho,
sili ya kamshafti imekauka, ngumu kama ganda la chungwa.
Nikamwita. Nikamweleza kwamba ukiweka mkanda mpya
juu ya beringi iliyochoka, umenunua nusu ya safari.
"Pampu, sawa," akasema. "Sili, sawa.
Lakini tenshena nilishanunua. Nina risiti."

Naye alikuwa nayo. Katika bahasha ya kaki,
kati ya kadi ya kliniki na ratiba ya mtihani wa jiografia:
*Tenshena 1, sh. 2,300. Imelipwa.*
Korongo wangu wamesimama mstari mzima.

Sila akanitazama. Nikamtuma spea.
"Leta ile ya boksi, si ya kwenye ndoo. Na springi yake.
Na mkanda ule mzito, wenye meno ya duara."
Tukafunga hadi adhuhuri. Alama ya juu kwa alama ya juu,
ya chini kwa ya chini; ukiruka jino moja tu
gari litakohoa hadi Limuru.
Nikazungusha injini kwa spana, taratibu,
mara mbili kamili, nikipumua kwa pua.
Alama zikarudi zilipoanzia.
Nikazungusha tena, bila sababu.

Ilipowaka, ilinguruma chini chini.
Mwalimu akainamisha kichwa, akingoja mluzi.
Haukuja.

Nikaandika hesabu juu ya boneti:
mkanda, pampu, sili, kazi.
"Umesahau tenshena," akasema.
"Sikusahau. Ulishailipa."

Akaishika risiti mpya mkono huu, ya zamani mkono ule,
akashusha miwani hadi ncha ya pua
kama mtu anayesahihisha.
Akakaa kimya muda wa lori kupita.
Kisha akazikunja pamoja, akazitia kwenye bahasha moja.

"K zako," akasema, akiingia garini,
"bado zina mguu mrefu."