Sufu Mbichi

Wanaandika kwamba tuliharakisha makusudi,
eti tulikuwa tunatafuta sauti ya enzi ijayo.
Ilikuwa baridi tu.

Julai, mjini Bluff, kusini kabisa, Nyuzilandi inapoishia,
banda la kukatia kondoo manyoya, la mjomba wake Rewi,
kuta tumezitandika sufu isiyooshwa ili mwangwi ufe.
Tulinuka kondoo wiki nzima; jina likajipatia lenyewe.
Mashine ya kurekodia niliiazima kanisani.
Nilikuwa na miaka kumi na saba na ufunguo wa kabati.
Niliifunika blanketi kama mgonjwa wa kichomi,
lakini mkanda wake wa ndani ulikuwa umekakamaa,
ukajikokota, ukajikokota,
na hakuna aliyejua, maana taa nyekundu iliwaka vilevile.

Ngaire aliimba na mafua yake.
Alasdair, gitaa lenye nyuzi mbili za kuazima.
Rewi, besi.
Fergus alikuja moja kwa moja kutoka machinjioni,
buti zake zikaacha alama toka mlangoni hadi kwenye ngoma.
Nyimbo tisa, usiku mmoja.

Santuri ilipofika tukaicheza kwa kina Alasdair, tukatazamana.
Mwendo wa mtu anayekimbia mvua.
Sauti ya Ngaire imepanda, nyembamba, inadunga,
na gitaa limekaa katikati ya noti mbili,
pale ambapo hakuna kinanda kinachofika.
Mama yake Alasdair akauliza, "Huyu mtoto anayeimba ni wa nani?"

Tulichapisha mia tatu. Tuliuza arobaini na moja.

Ya pili tulirekodi Auckland, studio yenye zulia hadi ukutani,
fundi mwenye shati jeupe, kila noti kwenye kiti chake.
Safi. Kama samaki wa kwenye barafu: jicho lipo, halioni.
Ya tatu haikwisha. Ngaire aliondoka kwenda Melbourne bila kuaga,
Rewi akarudi kuvua chaza,
Fergus tulimzika mwezi wa tano; nilishika kona ya nyuma ya jeneza
na njia nzima nilikuwa nahesabu, moja mbili tatu nne, kama yeye.

Halafu, miaka ishirini baadaye, barua.
Kijana wa Osaka. Binti wa Gothenburg.
Wanakaza nyuzi, wanalegeza,
wanaitafuta ile nafasi kati ya noti mbili;
bendi nzima nzima zimejenga nyumba humo.
Mmoja alisafiri hadi kwangu, akaomba kuigusa mashine.
Nilimpa chai. Nikamweleza habari za baridi.
Akacheka kwa adabu, akaandika: makusudi.

Utepe wenyewe ninao.
Siku nyingine, mvua ikigonga bati, nauweka,
napunguza mwendo kwa kidole gumba,
kidogo, kidogo,
mpaka noti zirudi makwao
na Ngaire ateremke ngazi hadi kwenye sauti yake:
nzito, yenye kamasi, ya msichana wa miaka kumi na tisa
ambaye alfajiri ana zamu kiwandani.
Huyo hawamjui. Hana santuri.

Mwishoni kabisa Fergus anauliza,
"Inazunguka kweli?"
Na mtu fulani, mbali na kipaza sauti, anajibu,
"Inazunguka. Endelea."