Dirisha la Sita

Bwana karani, vyeti ni hivi hapa.
Vihesabu. Mimi nimeshavihesabu ndani ya basi,
mwendo wa saa nne, kona juu ya kona, Culasi mpaka Iloilo,
bahasha mapajani kama mtoto mwenye homa.

Hiki cha kwanza: Uongozi Wenye Tabasamu.
Ukumbi wa hoteli, viti vimevishwa sketi nyeupe,
kiyoyozi kikali, mhadhiri mwenyewe kajifunika shali.
Pointi nne kwa peso elfu moja na mia tano,
pamoja na wali, paja la kuku, ndizi.
Nilisinzia. Andika hivyo ukipenda.
Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku,
vitanda ishirini na sita, wauguzi wawili,
mmoja wao mimi.
"Elimu haina mwisho," alituambia.
Kweli. Chenye mwisho ni mshahara, na mwisho wake ni tarehe tisa.

Hiki nilikipata kwenye simu,
kidole kikibonyeza endelea, endelea,
mkono wa pili ukikoroga mchuzi.
Maswali kumi, nikapata yote kumi.
Usiniulize leo hata moja.

Erlinda Pagunsan, aliyenifundisha kushika sindano,
alikataa kuja. Miaka thelathini na mmoja wodini,
mtoto akilia tu, yeye ameshajua pa kumshika.
"Wanataka kunipima? Waje wanipime saa nane za usiku."
Leseni yake ikafa mwezi wa tatu.
Siku hizi anauza chumvi na sabuni mlangoni kwake,
na watu bado wanambishia hodi na vidonda vyao.

Jovencio, kijana wetu, yeye anavipenda vyeti.
Ana faili la kurasa za plastiki, kapanga rangi kwa rangi;
kila pointi ni kipago cha ngazi ya kwenda Dublin.
Simlaumu. Mama yake husafishwa damu mara mbili kwa wiki,
na mashine ile hailipwi kwa pole.

Ningeishia hapo, nikulaani kimoyomoyo
kama hawa wote walio nyuma yangu.
Lakini.

Mwaka juzi alikuja mkunga mmoja, Salvacion Dioso,
akatukusanya uwanja wa mpira wa kikapu, nyuma ya kanisa.
Hakuwa na bango wala kipaza sauti.
Alimwaga maji mekundu juu ya vitambaa,
akauliza: mama huyu amepoteza damu kiasi gani?
Vikombe viwili, nikasema.
Viwili, wakasema wote.
Akavipandisha kwenye mizani ya samaki,
akatoa uzito wa vitambaa vikavu,
akapiga hesabu kwa chaki pale pale sakafuni.
Vitano.

Miaka kumi na minane nilikadiria kwa jicho,
jicho hili, nililoliamini kuliko saa ya ukutani.
Nikamkumbuka Rosenda, wa kitanda cha dirishani,
niliyemwandikia "damu ya kawaida"
kwa mwandiko mzuri.
Mumewe ni muuza samaki. Hunipimia,
halafu huongeza mmoja juu, bure.
Mimi hutazama kando mpaka mshale utulie.

Siku ile haina cheti, bwana karani.
Salvacion hakuwa na kibali cha ofisi yenu,
kwa hiyo nilijifunza pointi sifuri.
Tukachanga, tukanunua mizani ya chumba cha kuzalia.
Risiti ninayo. Najua huihitaji.

Usinielewe vibaya: sisemi msitulazimishe.
Bila kulazimishwa ningelala, na ningekufa nikisema viwili.
Nasema tu, mlichonilazimisha sicho,
na nilichokuwa nakihitaji kilikuja kwa miguu,
kikanywa maji ya bomba, kikaondoka.

Basi, gonga muhuri.
Kisha niazime kalamu, unioneshe nafasi,
hata pembeni, hata nyuma ya karatasi...

Unafunga? Haya, kale.
Nitasubiri papa hapa.
Zamu yangu ni ya usiku.