Meno Arobaini na Mawili

Atok, alfajiri. Ukungu umeingia hadi karakana,
kabichi zinasubiri kando ya barabara.
Nimetoa sproketi ya meno thelathini na nane,
nimefunga ya arobaini na mawili,
kwa ajili ya kile kilima
kilichoizima pikipiki jana, na mzigo wake juu.

Cheni ya jana sasa ni fupi.
Naongeza pingili mbili, naivuta ekseli nyuma,
alama ya kushoto, alama ya kulia,
robo mzunguko wa nati, nusu ya robo;
zisipolingana gurudumu litakwenda upande kama mlevi.
Nazungusha. Hapa imelegea, pale imekaza.
Hupimwa pale ilipokaza:
hilo alinifundisha baba.

Na hili: usiiamini cheni isiyobeba kitu.

"Panda, baba."
Mzee Lamsis anapanda na kofia yake ya sufu.
Mwaka jana alipokaa, springi zilishuka,
cheni ikakataa kidole.
Leo nabonyeza.
Inacheza vilevile,
kana kwamba kiti hakina mtu.

"Vipi?"
"Sawa," nasema, nimeinamia nati.
Anakaa kimya kidogo.
"Sawa ya nani? Lete magunia mawili,
niyapakate."